Mlango wa Upande wa Baba

Baba alikuwa ameupa mgongo mlango wa gari langu, mikono ameificha nyuma, kama mtu anayemkinga mtoto asichapwe. Ndiyo kwanza nilikuwa nashuka kwenye teksi iliyonitoa Tashkent, begi begani, vumbi la safari nzima kooni. Badala ya kunijia langoni kama kawaida yake, alibaki palepale chini ya kichanja cha mizabibu, akitabasamu kwa midomo peke yake.

"Umefika, mwanangu? Ingia ndani, chai tayari. Ingia, jua kali hili."

"Shikamoo, baba. Mbona husogei?"

"Napunga upepo."

Upepo haukuwepo. Hata jani moja la mzabibu halikutikisika. Nilizunguka gari kwa nyuma, naye akazunguka pamoja nami, mgongo wake haubanduki mlangoni. Ikawa kama tunacheza mchezo ambao hakuna aliyemweleza mwenziwe sheria zake.

"Baba Oydin," mama akaita kutoka jikoni, "hebu mwache mtoto alione gari lake. Utaulinda huo mlango mpaka Kiyama?"

Akasogea.

Gari lilikuwa jeupe, kama yalivyo magari karibu yote ya mji wetu wa Marghilan. Ukinunua la rangi nyingine watu watakuuliza una nini. Mlango wa mbele wa kulia, ambao kwetu ni upande wa abiria, nao ulikuwa mweupe. Ila weupe wake ulikuwa wa maziwa yaliyolala, na katikati umefura kidogo, mithili ya shavu la mtu mwenye jino bovu. Karibu na kitasa rangi ilikuwa imetiririka, ikakaukia njiani, na ndani ya rangi hiyo, mabawa wazi, amelala mbu.

"Nililiosha," baba akasema.

"Naona. Limetakata."

Tukaingia ndani kunywa chai.

Sina budi kueleza gari lile lilikuwa nini kwangu. Nilipoachika kule Namangan nilikoolewa nilirudi kwa wazazi wangu na sanduku moja, na hilo sanduku lenyewe lilikuwa la mama. Majirani walikuja kunipa pole huku macho yao yakihesabu vitu nilivyorudi navyo. Nikarudia kazi yangu ya ukunga. Nikakesha zamu za wenzangu pamoja na zangu, nikajinyima, nikangoja, hata siku gari lilipoletwa mlangoni kwetu, viti vingali vimefunikwa nailoni. Baba alilizunguka kimya kimya. Alipotaka kuingia alivua viatu kwanza. Akaketi, akapapasa dashibodi kwa ncha za vidole, akasema, "Hiki ni chako, Oydin. Hapa hakuna atakayekuambia shuka."

Baba, jina lake Yigitali, alikuwa msoma mita za umeme. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwa miguu, akiingia nyua za watu. Mjini walisimulia kwamba akifika kwenye lango la mtu anayejulikana kwa kuiba umeme, husimama nje akakohoa, akakohoa weee, mpaka mwenye nyumba apate nafasi ya kuchomoa waya zake. Ndiye huyo baba yangu. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa paka.

Yaliyotokea nikiwa mafunzoni Tashkent niliyapata kwa mama, kipande leo kipande kesho, kila mara akianza na "usiseme nimekwambia mimi." Mforsadi wa jirani ulikuwa umeiva, na matawi yake yanavuka ukuta kuja upande wetu. Baba akaona forsadi zinaanguka, nyeusi, tepetepe, moja baada ya nyingine, juu ya gari jeupe la binti yake. Asubuhi ya kwanza alipanguza. Asubuhi ya pili alipanguza. Kisha akaona bora alisogeze kivulini. Mara ya mwisho kushika usukani alikuwa jeshini, kijana. Akarudi nyuma vizuri, akakata kona vizuri, akaukumbatisha mlango na nguzo ya chuma ya kichanja.

Mama anasema hakulia. Alikaa tu garini, mikono kwenye usukani, kama anayeendelea na safari.

Baadaye akalipeleka kwa Hamrokul.

Hamrokul na baba walikuwa pamoja jeshini, kitanda cha juu na cha chini. Gereji yake ilikuwa nyuma ya soko, naye alikuwa mtu wa mwili mkubwa, meno ya dhahabu, kicheko kinachotangulia kufika kabla yake. "Niachie," alimwambia baba. "Binti akirudi hata malaika hawatajua."

Basi ukaanza msimu wa ajabu nyumbani kwetu. Baba akawa anakwenda kununua mkate kwa gari. Tanuri la mkate lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Huomba ufunguo akitazama viatu vyake, huondoka, hurudi jioni na mikate miwili iliyopoa, na mlango mwingine. Safari moja ulirudi wenye weupe wa kibuluu, kama shuka iliyozidishiwa buluu. Safari nyingine rangi ilikaribia kufanana kabisa, lakini mlango haukufunga mpaka uunyanyue kwa goti. Mvua ikanyesha, kiti kikalowa, na mkunga mwenzangu aliyepanda kazini akashuka akiwa amebandika begi lake nyuma ya gauni. Mtaani wakanijulia hali kwa njia mpya: "Oydin, leo mlango wako umeamkaje?"

Ningeweza kusema. Lakini kila mlango uliporudi, baba alinitazama kwa tumaini kubwa mno, kama mtu aliyeleta zawadi anayesubiri ifunguliwe. Nikawa nalitazama gari, nasema, "Linapendeza." Yeye anashusha pumzi. Tunakula.

Lililotuvunjia ukimya huo ni tikiti maji. Nilikuwa natoka sokoni na mama, ameketi mbele, amelipakata tikiti kama mjukuu. Kwenye kona ya mfereji mlango ukafunguka wenyewe, wazi kabisa, ukapiga kofi hewani. Mkanda ulimshika mama. Tikiti halikuwa na mkanda. Nililiona kwenye kioo, likibingirika barabarani, tikiti kubwa la kijani, kisha likapasuka chini ya lori.

Tulipofika nyumbani mama hakungoja nizime gari. Akashuka, akaenda moja kwa moja hadi aliposimama mumewe, akamwita kwa jina, jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe.

"Yigitali. Leo nusura nitoke na tikiti."

Baba alinyauka usoni. Alimtazama mama kutoka kichwani hadi miguuni, mara mbili, kama anayehakikisha yuko mzima. Halafu akanigeukia.

"Chukua ufunguo. Twende."

Hamrokul alitupokea kwa mikono yote. "Karibuni, karibuni! Mlango wetu hajambo?"

"Umefunguka njiani," baba akasema. "Saodat alikuwa ndani." Alimtaja mama kwa jina.

"Aa, hilo dogo. Bawaba tu. Nitaupiga nyundo moja..."

"Ami Hamrokul," nikasema, "na rangi?"

"Rangi ina nini, mwanangu? Nyeupe ni nyeupe. Theluji ya mlimani na theluji ya barabarani, zote si theluji?" Akacheka. Akamtazama baba, akingoja acheke naye, kama walivyochekeana miaka yote.

"Umeniharibia, Hamrokul."

"Mimi? Nani aliyegonga nguzo, mimi?"

Neno likatoka, likasimama katikati yetu. Hamrokul mwenyewe aliona limekwenda wapi, maana alinitupia jicho haraka, akafumba mdomo. Amechelewa. Baba akanigeukia.

"Mimi niligonga, mwanangu. Kitu chako cha kwanza, na mimi nikakigonga." Kisha akamrudia rafiki yake, na sauti iliyotoka sikuijua, sauti kubwa, nzito, ambayo sijui aliiweka wapi muda wote huo. "Nilikuletea wewe kwa sababu ni wewe! Ningempelekea mtu yeyote barabarani, mlango ungefunga! Leo mke wangu angezikwa, na wewe unanichekea na theluji zako!"

Mafundi wote wa gereji waligeuka kututazama.

"Basi liondoe," Hamrokul akasema polepole.

"Naliondoa."

"Na usilirudishe hapa."

"Silirudishi. Wala mimi sirudi."

Njia nzima baba aliushika mlango kwa mkono, kaukaza kifuani. Tulipofika kwenye kona ya mfereji akauliza, bila kunitazama, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu langoni. Tangu ulipokuwa unapunga upepo."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Akacheka kidogo, puani. Halafu akavua kofia yake akajifuta uso, akakaa nayo mapajani mpaka nyumbani.

Nilidhani yamekwisha. Huko Farghona mjini palikuwa na gereji ya kisasa, rangi wanapima kwa mashine; nikawapigia, wakanipa siku. Mama akaufunga mlango kwa mtandio wake wa zamani ili tuweze kutembea. Lakini baba hakwenda tena kwenye mkahawa wa chai wa wazee. Alikaa kibarazani akicheza dama peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na ajabu ni kwamba alikuwa akishindwa. Mama alipomuuliza anataka kula nini, alijibu chochote. Alipoletewa chochote, alikisukuma. Nikafahamu kwamba naweza kumpatia mlango mpya kwa siku moja, ila mtu aliyelala kitanda cha chini yake jeshini hapatikani Farghona.

Nikaenda nyuma ya soko bila kumwambia. Hamrokul alikuwa amepiga magoti mbele ya bampa, hakuinua kichwa.

"Amekutuma?"

"Hajui kama nimekuja."

"Anakula?"

"Mama anasema anatafuna tu."

Akaiweka nyundo chini. Aliutazama ule mtandio wa mama uliofungia mlango, fundo lake na maua yake yaliyopauka, akautazama muda mrefu. Hakuna jino la dhahabu lililoonekana siku hiyo.

"Mwanangu, mimi bati nalijua," akasema. "Lakini bati la zamani. Nene. Unaligonga, linakusikia. Haya magari yenu mapya bati lake kama karatasi ya sigara, nikiligusa linanikimbia. Na rangi wenzangu wanachanganya kwa kompyuta, mimi nachanganya kwa jicho. Mara ya kwanza tu nilijua sitauweza."

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Alikuja anatetemeka, Oydin. Yigitali! Mtu ambaye tulivuka naye mto wa barafu akipiga mluzi. Anatetemeka, anasema, 'Hamrokul, nimemharibia mtoto.' Wewe ungemwambia huwezi?"

Nikalikaza fundo la mtandio. Upande wa pili wa ukuta muuza mkate alikuwa akinadi.

"Jumapili tunapika pilau," nikasema. "Njoo, ami."

"Nije na nyundo?"

"Ukitaka. Ila baba anaweza kukugonga nayo."

Alikuja na tikiti mkono mmoja na mfuko wa zana mkono wa pili. Baba alikuwa uani akimenyea mama karoti. Aliinuka, kisu mkononi, ganda la karoti limemning'inia kidoleni. Wakasimama, huyu upande huu wa gari, yule upande ule.

"Umechelewa," baba akasema.

"Barabara mbaya."

"Kutoka sokoni?"

"Mbaya sana."

Mama akalitoa lile tikiti mikononi mwa Hamrokul kabla halijaanguka. "Hili nitalipakata nimekaa chini, shemeji," akamwambia. Hapo Hamrokul akacheka, na baba akashindwa kujizuia, na kufikia adhuhuri walikwisha kuung'oa mlango wakaulaza juu ya kitanda chetu cha kukalia uani, kama mgonjwa. Baba anashika, Hamrokul anagonga.

"Vuta kulia!"

"Kulia kwako au kwangu?"

"Kulia kwa gari, wewe!"

"Mlango umelala chali, una kulia gani?"

"Msasa huo! Msasa!" mama anapiga kelele. "Vumbi lote linaingia kwenye sufuria!" Pilau ya siku hiyo tuliila inasagika kidogo menoni, na hakuna aliyebakiza.

Jua lilipokwenda upande wa pili wa ukuta waliurudisha mlango mahali pake. Hamrokul akarudi nyuma hatua, akampa baba ishara ya kichwa. Baba akausukuma kwa viganja viwili. *Tup.* Sauti ile ile ya siku lilipoletwa. Wakatazamana kama watoto. Halafu Hamrokul akafungua ngumi yake, ndani mna springi ndogo nyeusi.

"Hii imetoka wapi?"

Baba akaichukua, akaigeuza geuza. "Hii si ya gari hili," akasema kwa uhakika kamili, akaitia mfukoni.

Tulipojaribu, mlango ulifunga vizuri, haukuvuja, haukufunguka njiani tena hata siku moja. Ila kwa nje haukufunguka kabisa. Kitasa kilikuwa pambo. Mpaka mtu wa ndani aufungue.

Niliwapigia Farghona kesho yake kufuta miadi. "Umeshatengenezwa?" msichana wa simu akauliza. Nikamwambia ndiyo.

Nililiendesha gari lile miaka mingi. Kila jioni nikitoka kazini nilimpitia baba kwenye mkahawa wa chai, naye huagana na Hamrokul, kuagana kwao hakuishi, kisha huja kusimama kando ya mlango wake, mkono kifuani, mtulivu, kama mgeni anayejua atakaribishwa. Nami hujinyoosha juu ya kiti, nikamfungulia.

Sasa nina gari jingine, milango yake inafunguka ndani na nje. Baba ametuacha, na Hamrokul hakukawia kumfuata. Lakini mpaka leo nikisimamisha gari mbele ya lango lolote, mwili wangu huegemea kulia kabla sijaukumbusha.