Paleti Zilizorudishwa Mpakani

Fortunée alikuwa hoi hata kabla tanuri halijapata moto. Tangu mume wake afariki, karakana ya paleti, zile chaga za mbao za kubebea mizigo, pale Likasi ilibaki mikononi mwao wawili: shemeji yake Germain akitafuta wateja, yeye akichoma mbao. Wanasema kuchoma, lakini hakuna moto unaoonekana. Ni chumba cha bati nene chenye umeme na feni. Paleti hupangwa ndani, na sindano ya kupimia joto huchomekwa mpaka kiini cha ubao mnene kuliko zote. Kiini kifike digrii hamsini na sita, kikae hapo nusu saa bila kushuka. Hapo ndipo dudu aliyejificha ndani ya mti hufa pamoja na mayai yake, na hapo ndipo paleti hupigwa muhuri ambao nchi za ng'ambo huudai kabla ya kupokea mzigo.

Mchana ule umeme ulikatika joto likiwa bado linapanda. Uliporudi, kipimo kilikuwa kimeshuka vibaya. Fortunée alikuwa anajizoazoa aanze upya, mara Germain, aliyezoea kumwita yaya kama dada mkubwa, akaingia huku anahema, lori likinguruma nje.

"Yaya, fungua. Kamio iko inangojea."

"Joto haikufika ndani, Germain."

"Ilifika karibu."

"Karibu haiue dudu."

"Kule mupaka banaangalia muhuri tu. Muteja wa Kambove akikasirika ataenda kwa bengine. Batoto ba kaka yangu batakula nini?"

Fortunée alikitazama kipimo tena. Wiki nzima alikuwa anashindana na umeme, na paa linalovuja, na homa ya mwanawe Plamedi. Alimpisha tu mlangoni, akaenda kuketi nyuma ya rundo la mbao, na kutoka huko akawa anasikia muhuri ukigonga, paleti baada ya paleti.

Mpakani, mkaguzi wa mimea alichokonoa ubao mmoja kwa kisu. Ukatoka unga laini, na nyuma ya unga buu jeupe, nono, linajinyonganyonga. Magunia ya kobalti, madini ya yule mteja wa Kambove, yakashushwa chini, na paleti zote zikarudishwa Likasi zikateketezwe mbele ya mkaguzi mwingine, bwana Cyrille, mtu mpole aliyevaa buti za mvua kwenye kiangazi. Fortunée angependa awe mkali. Mtu mkali unaweza kumkasirikia.

"Zote, mama," alisema. "Mutu asibebe hata kipande."

Rundo lilipoanza kupanda uwanjani, wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha kufika na mabeseni kutafuta kuni za bure badala ya makaa. Mbele yao alisimama Arlette, muuza maandazi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

"Mama Plamedi, nipatie kidogo. Makala iko bei sana."

"Iko na wadudu, Arlette."

"Si nitaichoma na minye? Moto ni moto!"

Cyrille akamweleza kwamba kabla kuni hazijafika jikoni zitalala kwanza uani, na wadudu hawasubiri zamu yao. Watatoka wahamie kwenye nguzo za nyumba na kwenye miti ya porini, na hakuna atakayeweza kuwakusanya tena. Arlette alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Fortunée.

"Lakini weye njo unapikaka hizi mbao."

"Njo minye," Fortunée akajibu, akikiri kwamba ndiye. Germain, aliyekuwa ameshika dumu la mafuta, aliinamisha kichwa, akamwaga, akawasha.

Wanawake walisimama wakitazama chakula cha siku nyingi kikipanda mbinguni kwa moshi. Hawakutukana. Waliondoka mmoja mmoja, mabeseni matupu yamebanwa ubavuni.

Kesho yake Germain alitakiwa kwenda Kambove kumwona mteja. Alilizunguka gari mara mbili bila kufungua mlango, basi Fortunée akaingia naye garini. Mteja hakuwaketisha. Kazi alikuwa ameshawapa watu wengine.

Njiani kurudi, Germain alizungumza macho yakiwa barabarani.

"Nilifikiri niko nasaidia batoto, yaya."

"Najua."

"Sasa tutafanya nini?"

"Vitanda. Banki za masomo. Mbao za kubaki hapa hapa kwetu, haziombe muhuri."

Aliyasema hayo kwa sauti ya msiba, kwa kuwa kitanda na dawati la shule havilishi kama paleti, na wote wawili walilijua hilo. Lakini kifuani mwake kitu kilikuwa kimelegea, naye akaona haya kwa jinsi kilivyolegea vizuri: hatakuwa tena mtu wa kulilinda lile joto. Akaegemeza kichwa kwenye kioo, barabara ikimtikisa, na kabla hawajaziona nyumba za kwanza za Likasi alikuwa amelala, mdomo wazi. Germain akapunguza mwendo asije akamwamsha.