Vyoo Vinane vya Bwanausi

Mimi Mwanamkasi sina ulimi wa kupaka mafuta, na ndiyo maana kaka yangu Mrisho alinichagua mimi. Mwanawe Sikuzani alikuwa amepata nafasi katika shule mpya ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, mwaka ule wa hamsini na mbili. Kijiji kizima cha Zinga aliitwa yeye peke yake. Mrisho akasema wanaume hawaingii kwenye mabweni ya wasichana, basi shangazi mtu aende akaangalie mtoto atalala wapi, ataoga wapi, atajisitiri wapi. Nikirudi na neno jema, Jumatatu anaanza shule. Nikirudi na neno baya, anaolewa na Hija, mtoto wa mzee Alawi, ambaye posa yake ilikwisha kuletwa.

Kusema kweli nilikwenda na neno baya nimeshalifunga kwenye pindo la kanga. Shule ya kulala huko, ya nini?

Sikuzani nilikwenda naye. Alitupokea Mwalimu Sada, Mwislamu mwenzetu wa Unguja, mwenye adabu zake. Bwenini nilikuta vitanda thelathini vya chuma, kila mtoto chake na chandarua chake. Mimi nimelala kitanda kimoja na dada zangu watatu mpaka naolewa! Darasani kila dawati lina kifuniko, na Sikuzani alifungua kimoja, akafunga, akafungua tena, mpaka nikamkanya. Kwenye mabafu ndipo nilipoanza kuhema. Kuta zinaishia mabegani na milango hakuna. Nikamwuliza Mwalimu Sada, watoto wa watu wataoga wakitazamana kama bata? Akasema mapazia yako njiani. Nikameza.

Tulipofika vyooni haja ilikuwa imenibana. Vyoo vinane mstari mmoja, vimepakwa chokaa, safi mpaka unaona haya kuvitumia. Nikaingia cha kwanza, nikapanda pale pa kukanyagia, nikachuchumaa, nikainua macho. Mbele yangu palikuwa na tundu la kupitishia hewa, na kwenye tundu naiona ile baraza niliyoonyeshwa punde, yenye mikeka ya kuswalia. Mikeka imetandikwa kuelekea kule kule ninakoelekea mimi, na kanga yangu iko kiunoni.

Lahaula! Niliruka nikashuka. Nikakagua cha pili, cha tatu, mpaka cha nane. Vyote kibla, na kwetu mtu haendi haja akielekea kibla. Haja yangu nilitoka nayo vilevile. Mwalimu Sada akaniambia taratibu kwamba penye ukuta wapo wanachuoni walioruhusu. Nikamjibu wanachuoni hao hawakai Zinga.

Na hayo madogo. Mwashi wa vyoo vile namjua. Ni mume wangu, Bwanausi, mwadhini wa kijijini kwetu Kaole, mtu asiyechinja hata kuku kabla ya kumgeuza kibla. Mwaka mzima alikuwa akitutambia shule ile.

Njiani nilikwenda mbiombio. Sikuzani alikwisha kunisoma usoni, maana na yeye aliingia vyooni na macho anayo. Karibu na Kaole akanishika mkono.

"Shangazi, nitakaa upande," akasema. "Kila siku nitakaa upande, hata miguu iniume. Usimwambie baba."

Miaka kumi na mitatu, na hilo ndilo lililokuwa likimwumiza kichwa njia nzima! Moyo wangu ulivunjika palepale. Kanga yangu yenye neno baya niliifungua mwenyewe. Nikaazimia kusema uongo, mimi ambaye watu huniogopa kwa ukweli.

Bwanausi nilimkuta nyumbani anasuka kamba za kitanda. Sikumsalimu. Nikamwuliza vyoo vya shule vinaelekea wapi. Kamba ikamtoka mkononi.

"Nilijua tangu siku tulipopiga kamba ya msingi," akasema.

Nilikaa chini, kwenye mchanga. Nilidhani atasema alikosea. Kumbe alijua! Mzungu msimamizi wa ujenzi alikuwa na karatasi yake ya ramani, na Bwanausi alichelea kwamba akisema neno ataletwa mwashi mwingine, basi akanyamaza akapanga mawe. Na adhana akaadhini kila alfajiri. Nikamwambia, leo Zinga nitasema uongo kwa ajili ya mtoto, na wewe kazi yako ni kunyamaza kama ulivyonyamaza mwaka mzima. Akaitikia kwa kichwa.

Zinga tulifika sote watatu, tukamkuta Mrisho barazani na mzee Alawi na mwalimu wa chuo cha Kurani, Mwinyimvua. Sikuzani aliingia ndani, akasimama nyuma ya pazia la mlango, vidole vyake vya miguu naviona. Nikaisifu shule mpaka nikajishangaa. Mwinyimvua akauliza vyoo vinaelekea wapi. Nikamtazama machoni nikasema vinaelekea baharini. Mrisho akashusha pumzi, na nikaona anataka kucheka kwa furaha.

Bwanausi akakohoa.

"Mke wangu ananisitiri mimi," akasema. "Vinaelekea kibla. Nimevijenga mimi, hali najua."

Nilihisi nimemwagiwa maji ya moto. Nimemsitiri yeye? Yeye? Akalia pale mbele ya watu, akaapa kwamba atavibomoa vyote na kuvigeuza kwa mikono yake, bila ujira. Mwinyimvua akamshika mkono, akamwita mtu wa kweli. Penye wazee haliharibiki neno, wanasema. Mrisho hakunitazama hata kidogo, uongo wangu ulikwisha kumtosha. Akamgeukia mzee Alawi, akamwambia ataje siku. Vile vidole chini ya pazia vikaondoka.

Huyo ndiye Bwanausi. Mbele ya Mzungu ulimi ulimwingia tumboni mwaka mzima, ukaja kutoka siku ya Sikuzani!

Kugeuza aligeuza kweli, shule ilimruhusu, na watu wakamsifu. Nafasi ya Sikuzani alipewa mtoto mwingine. Siku chache kabla ya harusi niliingia chumbani alimowekwa ndani Sikuzani, amepakwa liwa ya msandali mwili mzima, nikakaa karibu yake.

"Vyoo vilivyogeuzwa vimefika vingapi, shangazi?"

Nikamwambia sita.

"Vikiisha vyote," akasema, "Mwanajuma aende."

Mwanajuma ni mdogo wake, ana miaka sita. Nilitoka nje bila kuaga.