Matanga ya Kibanda Namba Sita

Kabla barabara kubwa haijapitishwa kwingine, wenye magari waliotoka Dallas kwenda Fort Worth walilala hapa: vibanda kumi vya mawe, kila kimoja na banda la gari ubavuni. Mtu analala usiku mmoja, asubuhi anawasha gari. Njia ilipohama, vibanda vikapangishwa kwa maskini. Bisimwa na mkewe Dorothea walipewa namba sita walipofika kutoka kambi ya wakimbizi. Wakakaa miaka tisa, na Dorothea akafia humo.

Sasa wakubwa wa mji wamekumbuka kwamba pale pana historia. Carmel, binti yao, alimsomea baba yake barua: wapangaji watoke kabla ya Jumamosi, vibanda virudishwe vilivyokuwa zamani, watu waje kutazama.

"Miaka tisa paa linavuja, hawakuiona hiyo historia," alisema Bisimwa.

Jumamosi ndiyo siku mwaka tangu Dorothea afe ulikuwa unatimia, siku ya kuanua matanga. Na kwao matanga huanuliwa nyumba ile ile msiba ulimoanzia. Carmel akaenda ofisini kuomba siku mbili tu.

"Wamekataa, papa."

Ikabaki kuwahisha, na ruhusa ya kuwahisha haitoki kwa mgane, hutoka kwa wakwe. Bisimwa akampigia Élysée, kaka wa marehemu, anayekaa Gulfton, Houston.

"Alhamisi? Shemeji, huyo mwanamke unayetaka kumwoa matanga yakiisha amekubana hivyo?"

"Hakuna mwanamke. Ni wakubwa wa mji."

"Kila mgane mwenye haraka ana wakubwa wake."

"Basi njoo uone kwa macho yako."

Alhamisi Élysée akafika amenuna. Hakuketi. Alitazama viatu vya mlangoni, akachungulia hata bafuni. Ndipo akasikia nyundo nje. Wafanyakazi wawili walikuwa wameng'oa mbao zilizoziba banda la gari, mahali Dorothea alipopikia. Mmoja alikuwa akisugua masizi ukutani kwa brashi ya waya.

"Huyo anafuta nini?"

"Jiko la dada yako. Wanataka mawe yaonekane."

Élysée akatoka, akamshika yule mtu mkono taratibu, akamwambia arudi kesho. Aliporudi ndani alivua koti, akakaa mkekani.

"Carmel, waite watu. Walio kazini waje na sare zao. Wakiuliza, waambie mjomba ndiye amesema leo."