Kitanda cha Tano

Asubuhi seremala alimkuta mama yake sakafuni tena, amejikunja juu ya mkeka, na kando yake kitanda kipya kimetandikwa bila kunyanzi hata moja. Alichemka. Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo.

"Mama, lakini kwa nini? Daktari alisema nini kuhusu hiyo nyonga?"

"Alisema nisianguke. Anayelala chini ataangukia wapi?"

Akamnyanyua, nusura wadondoke wote wawili. Hapo ndipo palipomuuma: mama akilala chini, hawezi kuinuka mwenyewe. Iko siku angechelewa kuja, amkute amelala palepale, amepiga kelele mpaka sauti imemkauka.

"Mimi nimelalia kila kitu, mwanangu," mama alisema akijikung'uta. "Ngozi ya mbuzi, kwa bibi yangu. Kitanda cha kamba cha marehemu baba yako, kimebonyea katikati, mnalala wawili mnaamka mmoja. Ndiko mlikopatikana nyinyi. Kisha godoro la sufi, kila jua likiwaka unalianika na kulitandika fimbo. Kisha la sponji, mwaka mmoja tu unazihesabu mbao kwa mbavu. Sasa hili la springi."

"Na hili ndilo bora kuliko yote! Mbao ngumu, godoro nene!"

"Sijakataa."

"Basi panda nione!"

Alifoka kuliko alivyokusudia. Mama akavua ndara, akakipa kitanda mgongo. Ukingo wa godoro ulimfika karibu na kiuno. Akasimama kwa ncha za vidole, akajirusha mara moja, mara mbili, akateleza. Seremala akamdaka.

Hasira ikamwisha, ikabaki aibu. Yeye huyu, aliyejigamba mtaa mzima kwamba hachongi kitanda mpaka mwenye kukilalia asimame kwenye mwimo wa mlango wa karakana, amchoree mstari wa penseli penye goti, maana hapo ndipo godoro linapotakiwa kuishia! Mwimo ulijaa mistari na majina ya watu. Cha mama alikipima kwa goti lake mwenyewe, harakaharaka, kisha akatupia godoro juu. Mama si mteja, bwana. Mama yupo tu.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mlikileta watu wanne, mnaimba. Majirani wote wakatoka kuangalia."

Akamshika mkono, wakavuka ua hadi karakana. Mama akasimama kwenye mwimo, amejinyoosha kama mteja yeyote. Seremala akapiga magoti, akachora. Mstari ukawa chini ya mistari yote, chini hata ya ule wa binti yake wa miaka tisa. Akabaki amepiga magoti, anautazama. Kila siku alikuwa akimwona mama, na hakujua amekuwa mfupi kiasi hicho.

"Andika jina," mama akasema. "Wasije wakadhani ni wa mtoto."