Firigisi Chini ya Wali

Makubaliano yalifungwa alfajiri, nyumbani kwao Mtua, na aliyeyatunga ni mzee Saturnini mwenyewe.

"Kule ukumbini kwa mawakili mimi na wewe hatujuani," alimwambia binti yake Agape, huku akiviringisha visu vyake kwenye kitambaa. "Mimi mpishi, wewe msomi. Hata shikamoo usinipe."

"Nitakupitaje bila shikamoo, baba?"

"Kama unavyompita mtu usiyemjua sokoni. Wakijua, watasema umeingilia mlango wa jikoni. Ukose fildi kwa sababu ya masufuria yangu?"

Agape alibisha, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba ashindwe. Alikuwa mwaka wa tatu wa sheria. Wenzake walikwishapata ofisi za kufanyia mafunzo ya vitendo, yeye amebaki na tumaini moja tu: Wakili Dafrosa wa Ruangwa, aliyekuwa anakuja Nachingwea kwenye mkutano wa mawakili. Mama huyo hakuwa na mzaha. Alishamfukuza mwanafunzi kwa kusingizia basi limeharibika.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Ukumbi wa parokia ulijaa suti nyeusi zilizokwisha kunywa vumbi jekundu. Agape alipata kiti jirani na Dafrosa, akauliza swali kuhusu mashauri ya ardhi, swali zuri, hata Dafrosa akamgeukia.

"Wewe wa wapi?"

"Mtua, wakili."

"Una ndugu humu ndani?"

Harufu ya kuku ilikuwa imeanza kuingia madirishani. Agape akajibu, "Sina."

Mchana wakapanga foleni. Saturnini, kofia nyeupe kichwani, alipakua bila kumtazama mtu usoni. Zamu ya Agape ilipofika, mkono wa mzee ulikwenda mbio kidogo, kisha akasema kwa ukali, "Anayefuata."

Mezani, kijiko cha Agape kiligonga kitu chini ya wali. Akafukua. Firigisi, nzima, haijakatwa. Maishani mwake alikuwa ameiona kwenye sahani moja tu, ya baba yake. Kwao, mtoto kugusa firigisi ilikuwa sawa na kukalia kiti cha askofu.

Dafrosa aliacha kutafuna.

"Shahidi, hicho ni nini?"

"Firigisi."

"Mimi nimepewa shingo. Na ulisema huna ndugu humu."

Agape alitazama kwenye masufuria. Baba yake alikuwa amewapa mgongo, anakoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa. Angeweza kusema mpishi amekosea, na baba yake angeapa hivyo hivyo mbele ya jaji yeyote.

"Nilikudanganya, wakili. Yule mpishi ni baba yangu. Tulikubaliana tusijuane."

"Nani alileta wazo hilo?"

"Yeye. Ila mimi nilifurahi."

"Hilo la kufurahi sikukuuliza," alisema Dafrosa. "Umelitoa mwenyewe."

Agape hakungoja hukumu. Alisimama na sahani yake, akazipita suti zote hadi kwenye masufuria, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," likamtoka mzee kabla hajakumbuka. Akainama, akanong'ona, "Tulisemaje, Agape?"

"Aliyevunja makubaliano ni wewe. Firigisi imekutaja."

"Niliificha."

"Chini ya wali, baba? Mtu anakula wali."

Saturnini alipangusa mikono kwenye aproni. "Hata hujaionja," alisema. "Kula, inapoa."

Akaila hapo hapo, amesimama, mzee akimwangalia kila alipotafuna kana kwamba anaila yeye.

Walipogeuka, Dafrosa alikuwa nyuma yao na sahani yake.

"Shikamoo, mzee. Jumatatu huyu namtaka ofisini kwangu Ruangwa, na uongo auache hapa hapa." Akaisogeza sahani mbele. "Sasa tuzungumze kuhusu hii shingo."