Ukifaulu, Unafukuzwa

Bwana Lindqvist, mwenyekiti wa bodi ya shule za wilaya yetu, ana tabasamu la muuza matairi. Nimelitazama tangu akiwa mjumbe mpya mwenye nywele. Nilikuwepo walipoichukua maktaba ya Arroyo wakaahidi kujenga nyingine. Nilikuwepo walipoihamishia shule yenyewe nyuma ya karakana ya mabasi, kwenye mabanda yanayonuka dizeli. Wao husahau. Mimi sisahau, na ndiyo maana hawanipendi.

Arroyo ni sekondari ya walioshindikana shule kubwa: waliojifungua mapema, walioacha masomo wakaenda kufungasha lozi, waliofiwa. Araceli alifiwa. Baba yake, kaka yangu, alipozikwa, mtoto akawa anakula chakula cha mchana chooni kule shule kubwa, na walimu hawakugundua kitu mpaka alipoacha kwenda kabisa. Kule Arroyo, mwalimu mkuu Bi. Haverty husimama mlangoni asubuhi akimwita kila mtoto kwa jina. Huko Araceli akaanza tena kuongea.

Sasa sikilizeni sheria ya bodi. Mwanafunzi wa Arroyo akishafidia masomo aliyopoteza, hurudishwa shule kubwa. Kwa hiyo wanaofaulu wanahesabiwa kule, wanaoanguka wanahesabiwa kwetu, na kila mwaka jimbo linatangaza kuwa Arroyo ni shule mbovu. Unamkamua ng'ombe, maziwa unampelekea jirani, kisha unamchapa ng'ombe kwa kuwa ndoo yake ni tupu!

Kulikuwa na tundu moja tu la kupumulia: mwalimu mkuu aliweza kuomba mtoto abaki. Bodi ikaleta Mpango wa Kuiboresha Arroyo. Rangi mpya, kibao kipya, na kifungu cha kuliziba tundu hilo. Araceli alibakiza mtihani mmoja wa hesabu, siku ya Ijumaa. Akifaulu, Jumatatu yuko shule kubwa.

Bodi ina mtindo wake. Mambo yasiyo na ubishi, kama ankara za umeme na ununuzi wa karatasi, hufungwa furushi moja na kupitishwa kwa kura moja. Mpango wakautumbukiza humo. Lakini mjumbe mmoja akisema tu "naomba hili litolewe," linatolewa na kujadiliwa. Mjumbe wangu alikuwa Dolores Pruitt. Wakati wa uchaguzi nilimgawia vipeperushi mlango kwa mlango, nikaumwa na mbwa kwa ajili yake.

"Nitalitoa, Chela," aliniambia dukani, ameshika kikapu. "Wewe njoo tu uongee."

Jumanne nikaenda na Araceli. Ukumbi ulijaa timu ya mpira na wazazi wao, wamekuja kupongezwa. Picha zikapigwa, keki ikakatwa. Lindqvist akatazama saa.

"Kwa kuwa tuna wageni wengi," akasema, "tupitishe kwanza furushi. Wananchi watazungumza baadaye."

Nikasimama. "Bwana mwenyekiti, wananchi huzungumza kabla ya kura!"

"Bi. Quintero, zamu yako itafika."

"Itafika mkishamaliza kula nyama, nije kutafuna mfupa?"

Wazazi wa mpira wakacheka. Nikamtazama Dolores. Alikuwa anajimiminia maji, taratibu, kama mtu anayepima dawa.

"Wanaokubali?" Mikono yote ikapanda. Na wa Dolores.

Zamu yangu ilipofika, timu ilikuwa imeondoka na keki yao. Nikaongea mpaka taa nyekundu ya kumaliza muda ikawaka mbele yangu. Kwa kanuni zao, wajumbe hawaruhusiwi kumjibu mwananchi. Lindqvist akasema, "Tunakushukuru kwa mchango wako."

Mlangoni Dolores akanishika mkono. "Chela, dada yangu, kura zilikuwa hazitoshi. Ningebaki peke yangu."

"Hukuombwa ushinde, Dolores. Uliombwa ufungue mdomo."

Ndani ya gari Araceli hakufunga mkanda.

"Shangazi, nikifeli Ijumaa?"

"Usiniletee maneno hayo."

"Nijibu basi. Nikifeli, nabaki?"

Mtoto huyu nimemkalia kooni asome, nimemnyima simu, nimemzimia televisheni. Nikatafuta uongo wa kumwambia, nikaukosa.

"Unabaki," nikasema.

"Basi." Akafunga mkanda.

Ijumaa mchana Bi. Haverty akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejifungia chumbani.

"Chela, alijibu maswali yote. Nilipita nyuma yake nikaona, yako sawa. Kisha akachukua kifutio akaanza kufuta, moja baada ya jingine, mpaka karatasi ikatoboka."

"Ameleta tupu?"

"Si tupu. Alama za penseli bado zinasomeka. Nikiinua karatasi dirishani naona kila jibu. Naweza kumpa alama zake, ni haki yake. Au nisahihishe kilichopo, nisione kitu. Niambie nifanye nini."

Nikawaza juu ya kile choo cha shule kubwa, mtoto ameshika mkate magotini.

"Mpe sifuri," nikasema.

"Mwezi wa tano atarudia mtihani huuhuu. Na wa baada ya hapo."

"Najua."

"Hawezi kufeli maisha yake yote, Chela."

"Nimesema najua!"

Jioni Araceli alikula sahani mbili za maharage, akaosha vyombo bila kuambiwa. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimechubuka, kwa kufuta.