Kilomita Elfu Tano na Mia Sita

Ilikuwa mwaka 1983, majira ya baridi. Mama alikuwa amelazwa hospitalini kwa mwezi wa pili, na daktari alikwisha kuacha kutaja habari za kurudi nyumbani. Mama alibakiwa na ombi moja: amwone kitindamimba wake, aliyeishi ng'ambo ya Atlantiki kwa miaka tisa. Siku ya kuagana alikuwa amemfunga shingoni skafu yake ya sufu. "Nakuazima, sikupi," alimwambia. "Utanirudishia mkononi."

Binti mkubwa wa mama alifanya kazi ya kuuza tiketi za ndege. Kijana huyo wa ng'ambo alipompigia simu kazini, laini ilikuwa mbovu.

"Dada, kesho naondoka saa nne asubuhi!"

"Ukishuka, keti karibu na mlango wa kutokea. Usisogee. Nitakufuata mwenyewe."

Simu ikakatika kabla dada hajamtajia hospitali. Akalitazama jedwali la safari za ndege ukutani: kilomita 5,600, mwendo wa saa saba. Nne na saba, kumi na moja.

Kesho yake maumivu yalimzidi mama. Muuguzi akaja na sindano.

"Itanilaza?"

"Kwa saa nne hivi, mama."

"Mwanangu anafika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni," binti akajibu bila kusita.

"Basi nichomeni sasa. Mniamshe mapema, mnichane nywele. Asije akanikuta kama kuku aliyenyeshewa."

Ilikuwa saa sita kasorobo mchana. Mama alipopata usingizi, binti akarudi kazini.

Saa nane, mwenzake wa dirisha la pili, mzee waliyemwita Rula kwa kupenda usahihi, alimuuliza habari za mgeni. Akamweleza.

"Saa nne ya huko, bibie, au ya hapa?"

Kalamu ilimtoka mkononi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwasahihisha wateja kosa hilohilo: jua la huko hutangulia la hapa kwa saa tano. Ndege ilikuwa imetua saa sita mchana ya hapa, si kumi na moja.

Alikimbilia uwanja wa ndege, akamkuta kijana palepale alipoamriwa, begi mapajani.

"Dada mkubwa, siku hizi mnauza tiketi za punda? Mfagiaji ameshanizoea, imebaki kunifagia tu."

"Simama, twende."

Walifika wodini saa tisa na nusu. Mama alikuwa amekata roho saa tisa, usingizini, nywele zake zikiwa timtim.

Dada hakujitetea. Alimsimulia nduguye yote, tangu jedwali hadi sindano, kisha akatoa kitana mkobani, akaanza kumchana mama, taratibu, kutoka utosini.

Kijana alisikiliza akiwa amesimama. Alifungua begi, akatoa skafu iliyokunjwa vizuri, akaiweka katika kiganja cha mama. Vidole havikushika. Akavikunja kimoja kimoja juu ya sufu, akavizuia kwa mkono wake mpaka vikatulia.

"Nimerudisha, mama," akasema.